Mwanamke Aliyezamishwa Ukurasa wa 144

Katika wilaya nzima ya Ntcheu hapakuwa na mtu aliyeijua riwaya ya Mtungi wa Nankhoma kumshinda Mwalimu Fyson Mkwezalamba, na ukisahau kulisema hilo mbele yake, alikukumbusha mwenyewe. Yeye ndiye aliyetunga Ufunguo wa Mtungi, mwongozo wa kurasa thelathini na mbili uliokuwa mikononi mwa kila mwanafunzi wa kidato cha nne. Riwaya yenyewe ilikwisha kuadimika. Mwandishi wake, marehemu Josaya Kamphulusa, alikuwa kaburini, na mashine za misheni zilizoichapa ziliuzwa zamani kama vyuma chakavu. Zilizobaki ni fotokopi, na fotokopi zote zilizaliwa na kitabu kimoja tu, cha maktaba ya shule aliyofundisha Mkwezalamba. Lakini riwaya ya nini? Mwongozo ulishaitafuna na kuimeza kwa niaba ya mtoto, kazi ya mtoto ikawa kucheua.

Katika mwongozo huo kila mhusika alikuwa na sifa tatu, hazipungui wala hazizidi, kwa sababu swali la sifa lilikuwa na alama tatu. Chifu alikuwa mbinafsi, katili na mpenda anasa. Nankhoma alikuwa mkaidi, jeuri na mwenye kiburi. Hata mbwa wa chifu, anayeonekana mara mbili tu katika riwaya nzima, na mara moja kati ya hizo amelala, alitunukiwa zake: mwaminifu, mvumilivu na mzalendo. Uzalendo wa mbwa ulithibitishwa kwa mfano: alibweka huku ameelekea mpakani.

Kisa chenyewe wote walikijua. Nankhoma ni mjane aliyepika pombe ya kutambikia mizimu. Mvua ikagoma miaka mitatu, wazee wakasema ni kwa sababu mwanamke huyu aliionja pombe kabla ya mizimu, wakamfukuza kijijini. Akajitwika mtungi wake, akafika mtoni, akavua kitambaa cha kichwani, akakikunja, akaingia majini. Hapo, mwisho wa ukurasa wa mia moja arobaini na nne, fotokopi zilikoma. Aliyetaka kujua kilichofuata alifungua Ufunguo, ukurasa wa kumi na tisa: "Nankhoma anajizamisha mtoni. Mto unaashiria hukumu. Dhamira kuu: asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

Mtu mmoja tu duniani alijua hukumu hiyo ilikopatikana, naye alikuwa amejitahidi kuisahau. Miaka kumi na tisa nyuma, Mkwezalamba akiwa ametoka chuoni juzi, mwalimu mkuu alimkabidhi kile kitabu cha maktaba na kumwambia anataka nukuu za kufundishia Jumatatu. Kitabu hakikuwa na mwisho. Wengine walisema mpishi wa bweni aliwashia moto, wengine walisema kurasa zilisokotewa tumbaku. Mkwezalamba akafikiri: mwanamke mkaidi, mto, maji. Akamzamisha kabla ya chai ya saa kumi. Na uongo ukishapigwa chapa mara sita, hata mwenye nao huusoma kwa heshima.

Sasa chapa ya saba ilikuwa kwa mchapishaji Blantyre, safari hii na picha ya mwandishi kwenye jalada, amefunga tai. Isitoshe, mwaka huo alichaguliwa kuwa msahihishaji mkuu wa mtihani wa majaribio wa umoja wa shule za kusini mwa wilaya. Mtihani huo haukuwa wa mzaha. Shule za umoja zilimwandikisha kwa mtihani wa taifa yule tu aliyefaulu majaribio, maana hakuna mwalimu mkuu anayependa kuaibishwa na mtoto wa watu. Aliyefeli alikwenda nyumbani kusubiri mwaka. Kwa msichana, mwaka huo ulikuwa na miezi mingi kuliko kumi na miwili. Wengi walikwenda kusubiri, wakarudi kusalimia na mtoto mgongoni.

Ilikuwa Juni, manyunyu ya chiperoni, ukungu wa baridi wa majira hayo, hayakatiki, wasahihishaji wamekaa ukumbini wamejifunika mablanketi mabegani. Kila meza ilisahihisha swali moja, karatasi zikipokezanwa meza hadi meza. Meza ya riwaya ilikuwa ya Mwalimu Sandifolo, mcheshi wa wote, aliyependa kuwasomea wenzake vituko vya watoto ili baridi ipungue.

"Jamani, acheni kalamu kidogo," alisema. "Sikieni hii. 'Nankhoma hakuzama. Aliuvuka mto kwa miguu, maji yakamfika magotini.' Magotini! Huyu mtoto alimpima na rula?"

Ukumbi ukacheka. Mama Chipofya, mwenyekiti wa jopo, mwanamke mzito asiyechekeshwa ovyo, aliinua miwani. "Kaishia hapo?"

"Ana ushahidi, mama. 'Isitoshe, kitabu kinasema mvua haikunyesha miaka mitatu. Ni mto gani huo wa kumzamisha mtu mzima?'"

Hapo kicheko kilipungua, kama watu waliokanyaga kitu gizani na hawataki kuangalia ni nini. Walikuwa walimu ishirini na wawili, wote wameufundisha mto ule tangu ujana wao, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza maji yalitoka wapi.

"Mwongozo wa kusahihisha unasemaje?" akauliza Mama Chipofya.

"Amezama. Alama ishirini."

"Basi huyu ni sifuri. Tuendelee."

Mkwezalamba alicheka kuwashinda wote, na alicheka kwa muda mrefu zaidi, kwa sababu aliogopa kunyamaza. Magotini. Mtoto wa kubahatisha angesema Nankhoma aliogelea, au aliokolewa na mtu. Magotini ni neno la mtu aliyesoma.

Jioni, wenzake walipotoka kwenda kula nsima, aliitafuta karatasi. Ilikuwa ya mwanafunzi wake mwenyewe, Tiyamike Namagowa, msichana mkimya aliyekaa dirishani. Alijumlisha alama zake mara mbili. Kwa ile sifuri, alikuwa amefeli.

Kesho yake Jumamosi alipanda baiskeli mpaka kwa kina Namagowa, njia ya kwenda Tsangano. Alipiga hodi. Tiyamike alipomwona alipiga magoti kumsalimu, macho chini, kama adabu inavyotaka. Bibi yake alikuwa kibarazani anamenya viazi.

"Ndiye huyu aliyetunga kile kitabu chembamba?" bibi alimuuliza mjukuu wake, kana kwamba mgeni hajafika bado.

"Ndiye, bibi."

"Karibu, mwalimu. Kile kitabu chako nimesomewa chote. Mbwa nimempenda."

Mkwezalamba alikaa mkekani akapiga soga kidogo kuhusu mvua na bei ya mbolea. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu asiyejali, "Tiyamike, kuhusu lile jibu la Nankhoma. Hayo ya magoti umeyatoa wapi?"

"Kwenye kitabu, mwalimu."

"Kitabu gani?"

"Cha bibi."

Bibi alipangusa mikono, akaingia ndani, akatoka na kitabu kilichofungwa kwa kitenge. "Nilifanya kazi kwa mapadri miaka kumi na minne," alisema. "Kushona vitabu. Hiki nilikishona mimi, kwa uzi na sindano, na mwandishi mwenyewe akanipa kimoja siku tulipomaliza. Kusoma kwangu ni kwa kuokoteza, mwalimu, ila kuhesabu kurasa najua. Kina kurasa mia moja sitini. Chenu kina ngapi?"

"Mia moja arobaini na nne," alisema Mkwezalamba.

"Basi mmepoteza fungu la mwisho. Karatasi hukunjwa fungu fungu, kila fungu kurasa kumi na sita, ndipo unapitisha uzi. Uzi ukikatika, fungu zima linaondoka, wala kitabu hakionyeshi kidonda. Mnafundisha tangu lini bila fungu la mwisho?"

Mwalimu alikipokea kitabu. Alifungua ukurasa wa mia moja arobaini na tano. Sentensi ya kwanza ilisema: "Maji yalimfika magotini."

Alisoma kurasa zote kumi na sita pale pale mkekani, viazi alivyoandaliwa vikipoa kwenye sahani. Nankhoma anavuka na mtungi wake kichwani. Kitambaa amekivua ili kisilowe, basi. Hakina ishara yoyote. Ng'ambo anapokewa na dada yake, analima, na mvua inaanza kunyesha huko kwanza. Wazee waliomfukuza wanakuja mmoja mmoja, wana vumbi miguuni, wamejipanga kusema maneno makali, na kila anayefika anapewa kibuyu cha maji. Riwaya inaishia hapo: wazee wakanywa, wakasema asante, kwa maana walikuwa na kiu.

Mkwezalamba aliona haya. Haikuwa haya ya kushikwa tu, hiyo angeizoea. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na tano, ameishi na mwanamke huyu muda mrefu kuliko alivyoishi na mkewe, na siku zote alidhani anamjua. Akaona na wivu pia, kwa sababu ule mwisho ulikuwa mzuri, na wake ulikuwa wa kijinga.

Tusimfichie aibu: wazo lake la kwanza lilikuwa kukiazima kitabu kile na kukisahau mahali penye mchwa.

"Bibi, ungeniazima siku mbili tatu..."

"Hakitoki. Cha kwenu mmekitunza vizuri mno."

"Basi niruhusu ninakili ukurasa mmoja."

"Nakili. Kalamu si yako?"

Alinakili kwa mkono wake ukurasa wa mia moja arobaini na tano. Wakati anaondoka, Tiyamike alimsindikiza mpaka barabarani, akiisukuma baiskeli.

"Mwalimu, nimefeli?"

"Nani kakwambia?"

"Mwalimu hawezi kuja mpaka huku kwa mtu aliyefaulu."

Alitaka kumwambia uongo, akauona umemkauka mdomoni. "Jumatatu nitalisema mbele ya jopo," alisema. "Hutabaki nyumbani. Nakuahidi."

Na alilisema. Apewe haki yake, maana hakuna mwingine atakayempa. Jumatatu asubuhi, mbele ya walimu wote ishirini na wawili, Mkwezalamba alisimama, akaeleza habari ya kitabu kilichochanika, nukuu za Jumatatu na chai ya saa kumi. Alimaliza kwa kusoma ule ukurasa, kisha akasema, "Nankhoma hakuzama. Nilimzamisha mimi. Naomba mwongozo wa kusahihisha ubadilishwe na mtoto apewe alama zake."

Sandifolo akawa wa kwanza kupiga makofi.

"Huu ndio unyenyekevu," alisema. "Mtu mkubwa kujishusha hivi, tena mwaka wa chapa ya saba."

"Si unyenyekevu, Sandifolo. Ni kweli."

"Ndivyo wanyenyekevu wote wanavyosema."

Mama Chipofya alinyoosha mkono, akaupokea ule ukurasa, akautazama mbele na nyuma. "Mwalimu, huu ni mwandiko wako."

"Nimenakili, mama."

"Naona. Kwa hiyo unatuambia mwisho ulioutunga miaka kumi na tisa iliyopita ni wa uongo, na ushahidi ni mwisho mwingine ulioandikwa na mkono ule ule."

"Kitabu kipo. Twendeni Tsangano mkakione."

"Gari la umoja halina mafuta tangu Alhamisi. Na hata lingekuwa nayo." Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya kitenge, na sauti yake ikawa ya upole, jambo lililomtisha Mkwezalamba kuliko ukali. "Tusemezane kama watu wazima. Watahiniwa elfu mbili na mia nne wamemzamisha. Wamemzamisha kwa sababu tuliwafundisha. Tukisema leo hakuzama, tunawafelisha wote?"

"Tuwape wote. Aliyezamisha na asiyezamisha."

"Swali moja, majibu mawili, yote sahihi? Watoto watatuona hatujui tunachofanya."

"Hatujui, mama."

"Ndiyo, lakini hawajui kama hatujui."

Mwalimu mmoja wa nyuma, aliyekuwa amesinzia, akauliza kama sifa za Nankhoma nazo zitabadilika, maana yeye alishawaandikia watoto ubaoni. Mwingine akasema marehemu Kamphulusa aliandika alivyoandika, Mungu amrehemu, ila wao wanasahihisha kilichofundishwa. Hoja hiyo iliungwa mkono na meza nne. Mkwezalamba aliwasikiliza na kuitambua kila sentensi. Wote walikuwa wanasema kama ukurasa wa kumi na tisa, kwa utulivu ule ule, na aliyewafundisha kusema hivyo alikuwa yeye.

"Basi najiuzulu," alisema.

"Ukijiuzulu, nafasi yako anachukua Sandifolo," alisema Mama Chipofya. "Huyo mtoto utamwacha mikononi mwa nani? Kaa. Sisi si wanyama. Tutampa nafasi ya kurudia swali hilo moja, Jumatano, kwako wewe, ofisini kwako. Akiandika kama wenzake, atapata alama zake na ataandikishwa. Sifuri ile tutaichana. Hapo utasema hatukumsaidia?"

Hakuweza kusema hivyo, na hilo ndilo lililomuuma. Katibu wa jopo aliandika kwenye kumbukumbu: "Mwl. Mkwezalamba alitoa shukrani."

Jumatano Tiyamike alikuja amevaa sare iliyopigwa pasi, sweta limeshonwa kiwiko. Mkwezalamba alimwekea karatasi na swali: jadili mwisho wa Nankhoma na dhamira yake. Msichana alilisoma, akaiweka kalamu chini.

"Mwalimu ulisema mbele ya jopo?"

"Nilisema."

"Wakasemaje?"

"Walipiga makofi."

Nje wanafunzi wa kidato cha pili walikuwa wanakariri kwa pamoja sifa za mtu fulani, tatu tatu.

"Kwa hiyo niandike nini?"

Siku mbili zile Mkwezalamba alikuwa ameandaa majibu mengi ya swali hilo, mengine ya kishujaa. Alijiona akimwambia andika kweli, potelea mbali. Lakini mwaka wa kusubiri haukuwa wake yeye, na ushujaa unaolipiwa na mtoto wa mwenzako alishindwa kuuita ushujaa. Pia aliogopa, hilo nalo liwekwe mahali pake: jalada lenye picha lilikuwa bado Blantyre, naye hakuwa ameandika barua ya kulizuia.

"Mzamishe," alisema.

"Kabisa?"

"Kabisa. Na usisahau mto unaashiria hukumu. Hiyo peke yake ina alama nne."

Msichana aliandika dakika arobaini bila kuinua kichwa. Mkwezalamba alikaa mkabala naye, anautazama mkono unavyokwenda, hauna papara wala haufuti. Alipomaliza alisimama, akaizunguka meza, akapiga magoti, akamkabidhi karatasi kwa mikono miwili, adabu haikupungua hata chembe.

"Asante, Tiyamike. Utaandikishwa. Umeokoa mwaka wako."

"Asante, mwalimu." Hakuinuka mara moja. "Ila mimi sitakuwa kama wewe."

"Kivipi?"

"Wewe ulipomzamisha ulikuwa na udhuru. Kurasa zilikuwa hazipo. Mimi nimezisoma."

Akainuka, akavuta mlango polepole nyuma yake. Mkwezalamba alichukua kalamu nyekundu, akaisoma karatasi mstari kwa mstari, akitafuta kosa lolote, hata moja, la kumpunguzia alama. Halikuwepo. Ukaidi ulikuwepo, jeuri ilikuwepo, kiburi kilikuwepo, na maji yalikuwa mengi. Akaandika ishirini kwa ishirini, akatia sahihi.